Naweza kuchukua pensheni ya hospitali na kuendelea na kazi? (Marekani, umri 67)

Bakari_TX

Salaam wana jukwaa. Naomba msaada wa wanaozijua sheria za pensheni za huku Marekani kwa undani.

Nimezaliwa Machi 1959, nimefikisha 67. Nafanya kazi hospitalini Houston, idara ya kusafisha na kutakasa vyombo vya upasuaji, zamu tatu za saa 12 kila wiki. Mshahara ni dola 58,000 kwa mwaka na sina nia ya kuacha kabla ya 70. Hospitali ina mifuko miwili: pensheni ya zamani inayolipwa kila mwezi, ambayo umri wake wa kustaafu ni 65, na 401(k), yaani akaunti ya akiba ya kustaafu kupitia mwajiri. Taarifa ya mwisho ya pensheni inaonyesha dola 900 kwa mwezi kama ningeondoka leo.

HR wananiambia hakuna kupokea mpaka niache kazi. Wenzangu wa zamu wanasema sheria ilishabadilika, ukifika 59 na nusu unachukua chako na kazi unaendelea nayo. Nani yuko sahihi? Na kama inaruhusiwa, nichukue sasa au niiache ikae? Social Security (pensheni ya serikali) bado sijaomba. Kodi tunajaza pamoja na mke wangu. Yeye ana miaka 60, hana kipato, na kwa sasa yuko Tanga hadi Desemba.

Hesabu_Safi

Shikamoo mzee Bakari. Kila upande una sehemu ya ukweli.

Sheria ya shirikisho inaruhusu pensheni ya kila mwezi ilipwe kwa mtu aliye kazini akishafika 59 na nusu. Zamani kikomo kilikuwa 62. Kilishushwa na sheria ya Desemba 2019, kuanzia miaka ya mpango iliyoanza 2020. Lakini inaruhusu, hailazimishi. Kinachokuhusu wewe ni hati ya mpango wa hospitali yako. Mwajiri anaweza kuandika 59 na nusu, anaweza kuandika 65, anaweza pia kukataa kabisa hadi siku unayorudisha kitambulisho cha kazi. Jibu la mdomo la HR halitoshi, hata likiwa sahihi.

Usipige simu, andika barua. Msimamizi wa mpango jina lake na anwani vimo kwenye muhtasari wa mpango, ule unaoitwa SPD. Muombe SPD ya karibuni pamoja na marekebisho yake yote, hati kamili ya mpango, na hesabu ya pensheni yako kwa tarehe mbili: ukianza mwezi ujao ukiwa kazini, na ukianza ukiwa na 70 baada ya kuacha. Tuma kwa posta ya kusajiliwa ubaki na risiti. Kwa mpango ulio chini ya ERISA (sheria ya shirikisho ya mipango ya mafao ya waajiri), hati zinatakiwa zikufikie ndani ya siku 30; wakipitiliza, mahakama inaweza kuwatoza hadi dola 110 kwa kila siku ya kuchelewa.

Zikifika, anza na kifungu cha malipo kwa mtu aliye kazini: umri gani, na ni malipo ya kila mwezi tu au na mkupuo pia. Halafu nenda kwenye kifungu ambacho wengi hawakisomi, nacho ndicho chenye fedha: kinachosema nini kinatokea kwa mtu aliyepita 65 akaendelea kufanya kazi.

Hapo mpango una njia tatu tu. Ukulipe. Au uchelewe kukulipa lakini ukuongezee pensheni kwa kila mwezi uliosubiri, kwa hesabu ya umri. Au ukusimamishie, yaani miezi hiyo ipotee bila fidia, na kwa njia hii ya tatu lazima wakupe barua ya kusimamishiwa, kwa mkono au kwa posta, ndani ya mwezi wa kwanza wa kukunyima. Bila barua hiyo, miezi iliyopita inadaiwa nyongeza. Wewe umepita 65 miaka miwili sasa. Tuseme pensheni yako ya 65 ilikuwa dola 820: miezi 24 ni dola 19,680. Fedha hizo ama zinakuja kama nyongeza, ama zimeshapotea, na jibu liko kwenye karatasi ambayo huenda ulipewa ukaitupa kwenye droo. Itafute.

Mwana_Pwani

Naongezea mawili kwa Hesabu_Safi, mzee.

La kwanza, uliza kama mpango wa hospitali uko chini ya ERISA au ni "mpango wa kanisa". Hospitali nyingi za Marekani zina uhusiano na madhehebu, na mifuko yao mingi imesamehewa ERISA. Hospitali za kaunti na za jimbo nazo hivyo hivyo, zina sheria zao. Ukiwa huko, ile siku 30, ile barua ya kusimamishiwa na ile faini ya dola 110 hazikuhusu. Unabaki na hati ya mpango na sheria ya jimbo. Swali hili liwe mstari wa kwanza wa barua yako, maana ndilo linaamua mengine.

La pili ni saa 40. Mpango wa mwajiri mmoja hauwezi kusimamisha pensheni kwa mwezi ambao umefanya kazi chini ya saa 40. Zamu zako tatu kwa wiki ni zaidi ya saa 140 kwa mwezi, kwa hiyo leo kinga hii haikusaidii. Lakini siku utakapotaka kupunguza, zamu tatu kwa mwezi mzima ni saa 36, na hapo wanatakiwa kukulipa au kukufidia. Zamu ya nne inakupeleka 48. Wengi hupunguza kazi nusu bila kujua mstari uko wapi, wakakubali zamu moja ya ziada ya mwisho wa mwezi na pensheni ya mwezi huo ikaenda. Mpango unatakiwa uwe na utaratibu wa kukujibu mapema, kwa maandishi, kama kazi unayotaka kuifanya itasimamisha pensheni au la. Utumie kabla ya kukubali ratiba mpya.

HR wakikuzungusha, ofisi ya EBSA ya Wizara ya Kazi inasaidia bure: 1-866-444-3272.

Bakari_TX

Marahaba, na ahsanteni sana. SPD nimeipata kwenye tovuti ya mafao, mpango uko chini ya ERISA. Kifungu kinasema mshiriki aliyefika 65 anaweza kuomba pensheni ya kila mwezi akiwa kazini. Mkupuo hakuna mpaka aache. Kwa asiyeomba, "pensheni itasimama kwa kila mwezi wenye saa 40 au zaidi". Barua ya kusimamishiwa nimeiona, ni ya mwezi niliofikisha 65. Kuna sentensi nyingine sijaielewa: faida mpya za kila mwaka "zitapunguzwa kwa thamani ya malipo yaliyopokelewa". Na kodi itakuwaje?

Hesabu_Safi

Basi jibu la swali lako la pili limejitokeza lenyewe. Mpango unakuruhusu kuchukua, na usipochukua haukuongezei chochote kwa kusubiri. Kila mwezi unaopita bila kuomba ni dola 900 zisizorudi. Fomu ya maombi iende wiki hii. Kwa barua uliyopewa, miezi iliyopita sioni njia ya kuidai, isipokuwa kama barua yenyewe ina kasoro: inatakiwa ieleze sababu ya kusimamishwa, imwonyeshe mshiriki kifungu husika cha mpango, na iseme utaratibu wa kupinga. Isome kwa jicho hilo, au wapelekee EBSA waisome.

(Kwa wengine wanaopita hapa: mambo hubadilika baada ya 70 na nusu. Kuanzia 1 Aprili ya mwaka unaofuata ule uliofikisha umri huo, mpango wa kampuni lazima uongeze pensheni ya anayesubiri, hata kama ulikuwa ukisimamisha. Mipango ya kanisa na ya serikali haimo. Mzee Bakari, kwako hiyo ni Aprili 2030, utakuwa umeshaondoka.)

Sentensi uliyouliza: ukiendelea kufanya kazi, kila mwaka unakuongezea kitu kidogo kwenye pensheni, na hawaruhusiwi kukunyima kwa sababu ya umri. Ila sheria inawaruhusu kutoa ndani ya nyongeza hiyo thamani ya pensheni unayopokea ukiwa kazini. Mfano: mwaka mmoja wa kazi unakuongezea dola 25 kwa mwezi. Wanapima thamani ya dola 10,800 ulizopokea mwaka huo, wanaona inazidi thamani ya hizo dola 25 za maisha, wanaandika nyongeza sifuri. Pensheni yako haitashuka chini ya 900, lakini usitegemee ipande. Hata hivyo dola 10,800 mkononi zinashinda dola 25 kwa mwezi kwa mbali: kuzifidia kwa mwendo huo kungechukua miaka 36.

Kabla hujasaini, jambo la mke. Ukiwa na ndoa, mpango lazima ukulipe kwa namna ambayo mwenza akibaki anaendelea kupata angalau nusu. Kwa hiyo zile 900 huenda ni za mtu mmoja, na ya wawili ni ndogo kidogo, hasa mke anapokuwa mdogo kwa miaka 7. Ukitaka ile ya mtu mmoja, mama lazima aridhie kwa maandishi, saini yake ishuhudiwe na notari au mwakilishi wa mpango, ndani ya siku 180 kabla ya tarehe ya kuanza malipo. Kwa kuwa yuko Tanga, huduma ya notari ipo ubalozi wa Marekani Dar es Salaam kwa miadi, dola 50 kwa muhuri. Ushauri wangu: chagua ya wawili. Mama hana pensheni yake, na uchaguzi huu ukishaanza kulipwa haugeuzwi, si ukiacha kazi wala ukizeeka.

Kodi_Kwa_Kina

Mzee, nikupigie kodi ya 2026 kwa figa zako, mkijaza pamoja.

Kiasi cha kawaida kisichotozwa ni dola 32,200. Wewe una zaidi ya 65, ongeza 1,650. Ongeza tena 6,000 ya wazee, ile iliyoanza 2025 na kwisha 2028. Jumla 39,850. Mshahara wa 58,000 unabaki na 18,150 ya kutozwa, yote ndani ya daraja la 10%, ambalo kwa wawili linaishia 24,800. Ukiongeza pensheni ya mwaka mzima, 10,800, ya kutozwa inafika 28,950: dola 6,650 za kwanza zinatozwa 10%, ni 665, zilizobaki 4,150 zinatozwa 12%, ni 498. Kodi ya pensheni yako yote kwa mwaka ni dola 1,163. Texas haina kodi ya mapato ya jimbo. Na pensheni haikatwi 7.65% ya Social Security na Medicare (bima ya afya ya wazee) kama mshahara.

Hata hiyo 1,163 unaweza kuifuta karibu yote. Ongeza mchango wako wa 401(k) wa kabla ya kodi kwa dola 900 kwa mwezi na uishi kwa pensheni. Kwa umri wako kikomo cha 2026 ni 24,500 pamoja na 8,000 ya waliopita 50. Mtu anaweza kupokea kutoka mfuko mmoja na kuchangia mwingine, hakuna kinachokataza. Kama hospitali inaweka chake juu ya mchango wako na hujafika kiwango chao cha juu, hapo kuna nyongeza ya bure.

Jaza W-4P, fomu ya makato ya kodi ya pensheni, siku ya kuomba. Usipoijaza, wanakukata kama mtu asiye na mwenza wala kipato kingine, na kwa dola 900 kwa mwezi hiyo itakuwa pungufu ya unachodaiwa. Januari utapata 1099-R, taarifa ya pensheni uliyolipwa. Angalia kisanduku cha 7 kiwe na namba 7.

Social Security: umri wako kamili wa kustaafu ulikuwa miaka 66 na miezi 10, umeshapita, kwa hiyo mshahara haupunguzi chochote. Kwa walio chini ya umri kamili, kikomo cha 2026 ni dola 24,480 za kipato cha kazi, na pensheni haihesabiwi humo. Ukianza kuipokea sasa, 85% ya Social Security yako itatozwa kodi, lakini mshahara peke yake tayari umekufikisha huko. Pensheni haiongezi ubaya.

Atakayekuja kuchukua mkupuo baadaye, mambo mawili. Ukilipwa wewe mwenyewe mkononi, 20% inakatwa palepale, lazima. Hamisha moja kwa moja kwenda IRA (akaunti yako binafsi ya kustaafu) kama hutaki. Pia Medicare huangalia kipato cha miaka miwili nyuma. Kwa 2026 anayevuka 109,000 peke yake au 218,000 kwa wawili analipa zaidi kila mwezi. Kuna fomu ya kuomba wapunguze, SSA-44, nayo inakubali sababu kama kuacha kazi au kufiwa. Kuchukua mkupuo kwa hiari hakumo.

MamaNeema_MN

Naomba kuingilia na swali la mama yangu, nimeona hapa pana watu. Anatimiza 73 mwaka huu 2026, bado anafanya kazi siku tatu kwa wiki kwenye kampuni ya kaka yangu ya kuhudumia wazee majumbani. Ana IRA ya dola 84,000, 401(k) ya kazi ya zamani 46,000 na 401(k) ya kampuni ya kaka 30,000, zote kwa hesabu ya 31 Desemba 2025. Ameambiwa anayefanya kazi halazimiki kutoa. Ni kweli?

Hesabu_Safi

Dada, kwa mama hapana, na sababu ni kaka yako.

Kuanzia 73 kila mwaka lazima utoe kiwango cha chini, RMD. Waliozaliwa 1960 na kuendelea wao ni 75. Msamaha wa anayefanya kazi upo, lakini unahusu mfuko wa mwajiri unayemfanyia kazi sasa, basi. IRA haina msamaha huo hata siku moja. 401(k) ya kazi ya zamani haina pia. Na hata kwenye mfuko wa mwajiri wa sasa, msamaha haumhusu mwenye zaidi ya 5% ya kampuni. Kwenye hesabu hiyo, hisa za mtoto zinahesabiwa kuwa za mzazi. Kaka akimiliki zaidi ya 5%, kwa IRS (mamlaka ya kodi) mama ni mmiliki, hata kama hana hisa moja. Kinachoangaliwa ni mwaka anaofikisha umri. Kaka akiuza kampuni mwaka ujao haisaidii. Biashara nyingi za kifamilia za watu wetu zinanaswa hapa, na programu za malipo hazijui nani mama wa nani. Mwambie kaka amwandikie msimamizi wa 401(k) yake leo.

Namba: kigawanyo cha umri wa 73 ni 26.5. IRA, 84,000 kugawa kwa 26.5 ni dola 3,169.81. Ya zamani, 1,735.85. Ya kampuni ya kaka, 1,132.08. Jumla 6,037.74. Kila 401(k) inatoa ya kwake. Huwezi kuchukua yote kutoka moja. Angekuwa na IRA mbili, hizo ndizo zinazoweza kujumlishwa na kutolewa kwenye moja. Sehemu ya Roth (iliyochangiwa baada ya kodi) haina RMD akiwa hai.

Mara ya kwanza anaruhusiwa kusubiri hadi 1 Aprili 2027, ila ya pili inadaiwa 31 Desemba 2027 hiyo hiyo, kwa kigawanyo 25.5, na zote mbili zitatozwa kodi mwaka mmoja. Minnesota nayo itataka yake. Ningetoa ya kwanza kabla ya Desemba hii.

Akisahau, faini ni 25% ya kilichokosekana. Kwa IRA yake peke yake ni dola 792. Akirekebisha ndani ya muda uliowekwa, takriban miaka miwili, inashuka 10%, dola 317. Na kama kuna sababu ya msingi, toa fedha kwanza, halafu jaza Fomu 5329, andika RC kwenye mstari wa 54 pamoja na kiasi, uambatishe maelezo. IRS husamehe.

Kwa mwingine asiye na ujamaa na mwajiri: unaweza kuhamisha IRA ya kabla ya kodi na 401(k) za zamani kwenda kwenye 401(k) ya kazi ya sasa, kama inapokea, na msamaha unazifunika zote. Fanya kabla ya mwaka wa 73. Mwaka huo ukishaingia, RMD ya mwaka inatoka kwanza, kinachobaki ndicho kinahamishwa. RMD ikihamishwa kimakosa kwenda IRA inakuwa mchango wa ziada, na huo unatozwa 6% kila mwaka unaokaa humo.

Nahodha_WA

Mzee Bakari, kwa kuwa nyumbani ni Tanga: kama mnafikiria kurudi mkiacha kazi, angalia hadhi yenu kabla. Raia wa Marekani anaendelea kujaza kodi kama kawaida popote alipo, ila pensheni ikilipwa nje ya nchi hawezi kukataa kukatwa kodi kwenye chanzo. Mwenye green card akiirudisha anakuwa mgeni kikodi, na hukatwa 30%, maana hakuna mkataba wa kodi ya mapato kati ya Marekani na Tanzania, wala na Kenya. Sehemu itokanayo na kazi iliyofanywa Marekani inaweza kutozwa kwa madaraja ya kawaida akijaza 1040-NR (fomu ya kodi ya wageni) kila mwaka kudai iliyozidi. Wengi hawajazi, fedha inabaki huko.

Hili nalo linazidi kutetea kuianza sasa, ungali katika daraja la 10 na 12%. Omba malipo yaingie akaunti ya benki ya Marekani, na usiifunge mkihama. Mipango mingi haitumi moja kwa moja benki za nje, na hundi ya karatasi ikipotea posta kuifuta na kuandikiwa nyingine ni miezi.